Majeshi Kwanza, Makaratasi Baadaye: Kenya Ilivyoingia Somalia

Jumamosi ya tarehe 15 Oktoba 2011, mawaziri wawili waliwaita waandishi wa habari jijini Nairobi. George Saitoti alikuwa na wizara ya usalama wa ndani, Yusuf Haji ya ulinzi. Hawakuwa na mengi ya kusema: Kenya imeshambuliwa, adui ni Al-Shabaab, na Kifungu cha 51 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kinaipa nchi haki ya kujilinda, hata kwa kumfuata adui huko huko anakojificha. Kesho yake, Jumapili, misafara ya magari ya kijeshi ilivuka mpaka upande wa Liboi ikaingia Somalia. Operesheni ikaitwa Linda Nchi.

Bunge halikuwa limepiga kura. Rais Mwai Kibaki hakuwa ametangaza vita. Katiba mpya, iliyozinduliwa kwa shangwe tarehe 27 Agosti 2010, haikuwa imetimiza hata miezi kumi na minne. Na nchi iliyojivunia tangu uhuru kwamba haijawahi kuvuka mpaka kumpiga jirani ikawa imeigeuza sera ya karibu miaka hamsini ndani ya wikendi moja.

Ukiwauliza wasomi wa uhusiano wa kimataifa demokrasia hubadilishaje sera zake za nje na za usalama, wengi watakupa mlolongo unaoeleweka: chama kipya kinashinda uchaguzi, au maoni ya wananchi yanageuka, tume inaundwa, waraka unaandikwa, bunge linajadili, kisha serikali inatenda. Katika kisa cha Kenya mlolongo huo umesimama kichwa chini, miguu juu. Kitendo kilitangulia. Kibali cha kimataifa, kura ya wabunge na waraka wa sera vilikuja nyuma, kimoja kimoja, kila kimoja kikipiga muhuri jambo lililokwisha kufanyika. Nadharia yangu ni kwamba hivi ndivyo demokrasia nyingi hubadilika katika mambo ya vita, na kwamba taasisi zake, zikichelewa namna hiyo, hubakiwa na uwezo wa kuhoji utaratibu tu. Swali la kwa nini tumekwenda, na lile la lini tutarudi, linakosa mwenyewe.

Jirani asiyevuka mpaka

Kabla ya 2011 ujirani mwema wa Kenya haukuwa maneno ya hotuba tu. Vita vya Shifta, vya 1963 hadi 1967, vilikuwa vikali na viliacha makovu ambayo watu wa Garissa, Wajir na Mandera wanayo hadi leo, lakini vilipiganwa ndani ya Kenya na vikaishia mezani, kwa makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967 chini ya usuluhishi wa Kenneth Kaunda. Idi Amin alipoanza kudai sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya mwaka 1976, Jomo Kenyatta alimbana kwenye njia ya mafuta kutoka Mombasa na akaweka askari mpakani. Hawakuvuka. Wanajeshi wa Kenya walikwenda nje wakiwa walinda amani: Namibia mwaka 1989, Sierra Leone ambako Jenerali Daniel Opande aliongoza kikosi kizima cha Umoja wa Mataifa.

Kwa Somalia, Kenya ilikuwa mwenye nyumba anayepokea wageni wa mazungumzo. Serikali ya mpito ya Abdullahi Yusuf ilizaliwa Nairobi mwaka 2004, baada ya miaka miwili ya vikao. Kwa Sudan ilikuwa vivyo hivyo: Jenerali Lazaro Sumbeiywo alisimamia mazungumzo na mkataba ukatiwa saini uwanja wa Nyayo Januari 2005. Sifa ya Kenya katika Pembe ya Afrika ilijengwa juu ya jambo hilo moja, kwamba haina jeshi lake ndani ya ugomvi wa mtu.

Tena ilikuwa zaidi ya desturi. Desemba 2006, Baraza la Usalama katika azimio namba 1725 liliafiki mpango wa IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na majirani zao, uliosema nchi zinazopakana na Somalia zisipeleke askari huko. Hizo ni Ethiopia, Jibuti na Kenya. Sababu haihitaji shahada: jirani ana maslahi yake, na akishaingia kwa bunduki hamna atakayemwamini tena kuwa msuluhishi. Ethiopia iliingia mwezi huo huo kwa nguvu zake. Kenya ikabaki nje, ikafunga mpaka wake Januari 2007. AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia, ilipoundwa mwaka huo, waliotangulia kwenda walikuwa Waganda, kisha Warundi, watu ambao nchi zao haziigusi Somalia popote.

El Wak, Kiwayu, Manda, Dadaab

Maelezo rasmi ya vita yanaanza na utekaji nyara. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 2011, watu wenye silaha walifika kwa boti katika hoteli ya makuti huko Kiwayu, kaskazini mwa Lamu, karibu na mpaka. Mtalii mmoja Mwingereza aliuawa, mkewe akachukuliwa kwenda Somalia. Tarehe 1 Oktoba ilikuwa zamu ya kisiwa cha Manda, ng'ambo tu ya mji wa Lamu: mwanamke Mfaransa, mlemavu, alitolewa nyumbani kwake na kupakiwa kwenye boti bila kiti chake cha magurudumu. Alifia mikononi mwa waliomteka. Tarehe 13 Oktoba wafanyakazi wawili wa misaada kutoka Uhispania wakatekwa ndani ya kambi ya Dadaab. Siku mbili baadaye mawaziri wakakaa mbele ya kamera.

Ukisoma orodha hiyo peke yake, vita vinaonekana kama jibu lisiloepukika. Hotuba nyingi za serikali zimejengwa hivyo. Lakini mtu anayetaka kupima sababu hana budi kutafuta tukio linalofanana ambalo halikuzaa vita, na tukio hilo lipo. Novemba 2008, watu wenye silaha kutoka Somalia walivamia mji wa El Wak, upande wa Kenya, wakawachukua watawa wawili wa Kiitaliano na kuvuka nao mpaka. Walishikiliwa hadi Februari 2009. Kenya iliongeza doria, ikapeleka wazee wa koo kuzungumza, ikangoja. Mwaka uliofuata wafanyakazi watatu wa misaada walitekwa Mandera, vilevile. Na tukirudi nyuma zaidi, tarehe 7 Agosti 1998 zaidi ya watu 200 waliuawa katika bomu la ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, wengi mno wao Wakenya, na Kenya haikumfuata mtu mahali popote.

Kwa hiyo utekaji peke yake hautoshi. Kati ya 2008 na 2011 kulibadilika mambo mengine. Al-Shabaab walikuwa wameutwaa mji wa Kismayu na bandari yake tangu Agosti 2008. Julai 2010 walilipua mabomu Kampala, watu zaidi ya 70 wakafa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Ukame wa 2011 uliisukuma Somalia kwenye baa la njaa, na Dadaab, kambi iliyokusudiwa watu 90,000, ikapita watu 400,000. Na huko Lamu serikali ilikuwa inapanga bandari mpya, reli na bomba la mafuta, mradi wa LAPSSET, ambao Kibaki alikuja kuuzindua Machi 2012 akiwa na Salva Kiir na Meles Zenawi. Huwezi kumwomba mwekezaji mabilioni ya dola kando ya bahari ambayo watalii wanachukuliwa usingizini.

Mpango wenyewe ulikuwa na umri mkubwa kuliko mikasa. Nyaraka za kidiplomasia za Marekani zilizovuja zinamwonyesha Moses Wetang'ula, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, mapema mwaka 2010 akimshawishi Johnnie Carson wa wizara ya nje ya Marekani aunge mkono kuundwa kwa eneo la kinga kusini mwa Somalia, huko Jubaland. Carson akawa mzito. Kenya tayari ilikuwa imewafunza vijana wa Kisomali kwa kazi hiyo. Na siku kama kumi baada ya askari kuvuka, msemaji wa serikali Alfred Mutua aliliambia gazeti la Marekani la New York Times bila kuzunguka kwamba operesheni kubwa namna ile haipangwi kwa wiki moja, ilikuwa imo katika mipango kwa muda, na matukio ya utekaji yalitoa nafasi nzuri ya kuianza. Mliweke jina la Mutua kichwani, maana atarudi.

Al-Shabaab, kwa upande wao, walikana kuhusika na utekaji huo. Sina sababu ya kuwaamini. Ila ni kweli pia kwamba utekaji wa kutafuta kikombozi katika pwani ile ulikuwa na wenyewe wengi, na ushahidi wa nani alifanya nini haukuwekwa wazi mbele ya wabunge kabla ya vifaru kupita Liboi.

Bunge lisilo na upinzani

Hapa ndipo kisa kinaponipa kazi zaidi, kwa sababu Katiba ya 2010 haikuwa kimya. Kifungu cha 132 kinamruhusu Rais kutangaza vita kwa idhini ya Bunge. Kifungu cha 95 kinasema Bunge la Taifa ndilo linaloidhinisha tangazo la vita. Kifungu cha 240 kinaliruhusu Baraza la Usalama wa Taifa kupeleka vikosi nje ya nchi kwa kazi za kulinda amani au "shughuli nyingine" za usaidizi, pia kwa idhini ya Bunge. Milango ni miwili, na yote ina kufuli moja.

Serikali ilipitia dirishani. Ilisema hii si vita, ni kujilinda na kumfuatilia mhalifu aliyetoroka. Kwa hiyo hakuna cha kutangaza, na kisichotangazwa hakihitaji idhini. Ni hoja ya kisheria ambayo wakili mzuri anaweza kuitetea kwa siku tatu au nne. Kwa mwezi mzima inachoka. Kwa miaka, haipo tena.

Mbona basi hakuna aliyepiga kelele? Angalia nani alikuwa bungeni. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, Kenya iliendeshwa na serikali ya mseto: Kibaki Rais, Raila Odinga Waziri Mkuu, vyama vyote vikubwa vimo serikalini. Waliopaswa kuuliza maswali walikuwa mawaziri. Raila mwenyewe alikwenda Israel Novemba 2011 na kurudi na ahadi ya msaada. Kenya ilikuwa demokrasia kwa kila kipimo cha kawaida, magazeti huru, mahakama inayofanyiwa mageuzi, lakini kiti cha upinzani kilikuwa kitupu wakati uamuzi mzito kuliko wote tangu uhuru unapita. Wanaosifia serikali za umoja wa kitaifa kama dawa ya migogoro, na sisi Waafrika Mashariki tumezisifia sana, wasilisahau gharama hiyo.

Tena mwezi wenyewe ulikuwa wa kelele nyingine. Mjini The Hague, vikao vya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai vya kuthibitisha mashtaka ya Wakenya sita, Uhuru Kenyatta na William Ruto miongoni mwao, vilikuwa vimemalizika tarehe 5 Oktoba. Shilingi ilikuwa imeporomoka hadi kupita 100 kwa dola moja. Vita vilipoanza, magazeti yalivishangilia, bendera zikapeperushwa, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu taifa lililogawanyika kikabila lilijiona lina jambo moja la kusema.

Uwanjani mambo yalikuwa ya kidunia zaidi. Oktoba ni mwanzo wa mvua, na udongo mweusi wa Juba ukilowa haupitiki; magari yalikwama kwenye njia ya kwenda Afmadow, mji ambao ulitazamiwa kutekwa kwa siku chache lakini ukaanguka mwishoni mwa Mei 2012. Msemaji wa jeshi, Meja Emmanuel Chirchir, aliingia Twitter na kuonya kwamba mkusanyiko wowote mkubwa wa punda waliobebeshwa mizigo utahesabiwa kuwa shughuli ya Al-Shabaab. Wakenya walicheka kwa wiki nzima. Lakini ndilo lilikuwa jukwaa ambalo mwananchi alipata habari za vita vyake: si taarifa ya waziri bungeni, bali mistari ya meja kuhusu punda.

Muhuri

Serikali ya Somalia yenyewe haikuwa na kauli moja. Rais Sheikh Sharif Sheikh Ahmed alionyesha hadharani kutoridhika na jeshi la Kenya kuwa ndani ya nchi yake, na ilibidi Waziri Mkuu wake aje Nairobi mwisho wa Oktoba kutoa tamko la pamoja la kulainisha maneno hayo. Desemba 2011 mambo yakaanza kuwekewa karatasi: Umoja wa Afrika ukakubali Kenya ijiunge na AMISOM, Bunge la Kenya nalo likaridhia. Februari 2012 Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 2036, likaongeza idadi ya AMISOM kutoka 12,000 hadi 17,731 na kuwahesabu Wakenya humo. Lile sharti la 2006, kwamba jirani asipeleke askari, likazikwa bila maombolezo.

Ukweli mwingine uliohusika, ambao hautajwi sana kwenye hotuba, ni gharama. Chini ya AMISOM posho za wanajeshi zililipwa kwa fedha za Umoja wa Ulaya, na vifaa kupitia Umoja wa Mataifa. Kuvaa kofia ya kijani ya AMISOM kulimpunguzia Waziri wa Fedha mzigo. Pia kulibadilisha kimya kimya swali la katiba: operesheni iliyoanza kama kujilinda sasa ikawa kazi ya kulinda amani, na Kifungu cha 240 kikaitosha kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake.

Kismayu iliingiwa mwisho wa Septemba 2012, kwa askari walioshuka pia kutoka baharini. Biashara ya mkaa iliyokuwa imepigwa marufuku na azimio lile lile la 2036 iliendelea bandarini, kwa mujibu wa kundi la wachunguzi wa Umoja wa Mataifa, Kenya ilikana. Ahmed Madobe, mshirika wa Kenya tangu mwanzo, akawa kiongozi wa Jubaland. Eneo la kinga ambalo Carson alilionea mashaka mwaka 2010 likawa limepatikana.

Na waraka? Sera ya kwanza kabisa ya mambo ya nje ya Kenya iliyoandikwa kama kitabu ni ya Novemba 2014. Miaka 51 baada ya uhuru, mitatu baada ya Linda Nchi. Ukiusoma unakuta ujirani mwema bado umo, katika nafasi ya heshima.

Gharama bila mjadala

Tarehe 21 Septemba 2013 Al-Shabaab walivamia jengo la maduka la Westgate, Nairobi. Watu 67 wakauawa. Juni 2014 Mpeketoni na vijiji jirani, zaidi ya 60. Tarehe 2 Aprili 2015 Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148, karibu wote wanafunzi. Wauaji walisema kila mara kwamba wanailipizia Kenya kwa jeshi lake kuwa Somalia. Kauli ya muuaji si maelezo, wangeweza kuja hata bila hilo kama walivyokwenda Kampala. Lakini hesabu ya kabla na baada haiwezi kufumbiwa macho na mtu anayesema operesheni iliifanya nchi salama.

Usalama wa ndani nao ukabadilika sura. Aprili 2014 maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, raia kwa wakimbizi, walizolewa Eastleigh na kwingine na kufungiwa uwanja wa Kasarani. Wavuvi wa Kibajuni wa Lamu, ambao jamaa zao wako hadi Kismayu na ambao bahari ya usiku ndiyo shamba lao, walipigwa marufuku kuvua usiku kwa miaka kadhaa. Hao ndio Waswahili walioilipia sera hii moja kwa moja, kwa kilo za samaki, na sijawahi kuona mahali ambapo hasara yao iliingizwa kwenye hesabu ya vita.

Siasa ilijaribu kuamka. Julai 2014, kwenye mkutano wa Saba Saba Uhuru Park, muungano wa upinzani wa CORD ulilitia suala la kuondoa askari Somalia katika madai yake. Anayedai alikuwa Raila, yule aliyekuwa Waziri Mkuu askari walipoingia. Serikali ya Uhuru Kenyatta ilijibu kwa maneno ambayo kila serikali iliyo vitani huyajua: kuondoka sasa ni kumpa adui ushindi na kuwasaliti waliokufa. Hoja hii haishindiki, kwa kuwa kila shambulio jipya huiongezea nguvu, na kukiwa kimya pia inasemekana operesheni ndiyo imeleta utulivu. Wakenya walipiga kura 2013, 2017 na 2022. Waligombania bei ya unga, mashine za kuhesabia kura, nani amemsaliti nani. Somalia haikuamua kura hata moja.

Kipimo kigumu zaidi kilikuwa El Adde. Alfajiri ya tarehe 15 Januari 2016 Al-Shabaab waliizidi nguvu kambi ya Wakenya katika mji huo wa mkoa wa Gedo, Somalia. Serikali haijawahi kutoa idadi rasmi ya waliokufa. Majeneza yaliwasili, familia zikazika, kaunti kwa kaunti, na kila kijiji kilijua waliokufa wake bila taifa kujua jumla. Mwandishi mmoja wa habari aliyekuwa akichapisha taarifa za tukio hilo mtandaoni alikamatwa. Mwaka mmoja baadaye kambi nyingine ya Wakenya ilivamiwa Kulbiyow, na mvutano wa idadi ukajirudia. Mtu anaweza kukubali kwamba jeshi lina siri zake. Lakini wabunge wanaoidhinisha bajeti ya ulinzi bila kujua wangapi wamekufa wanaidhinisha nini hasa?

Kufuli linapoanza kushika

Hadi hapa kisa kinasomeka kama historia ya taasisi zilizolala. Kilichonivutia kukiandika ni kinachofuata, kwa sababu sera haikubadilika peke yake. Namna ya kuibadilisha nayo imebadilika.

Mwaka 2022 Kenya iliamua kupeleka wanajeshi mashariki mwa Kongo katika kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Rais William Ruto aliwakabidhi bendera tarehe 2 Novemba. Hoja ikapita bungeni siku chache baadaye, kabla ya kundi la kwanza kutua Goma. Bendera bado ilitangulia kura, lakini tofauti sasa ilikuwa ya siku, na wabunge waliambiwa idadi ya askari, takriban 900, pamoja na gharama ya miezi sita ya mwanzo, shilingi bilioni 4.4. Mwisho wa kazi hiyo, Desemba 2023, haukuamuliwa Nairobi: Kinshasa ilikataa kuongeza muda.

Halafu Haiti. Julai 2023 aliyetangaza kwamba Kenya iko tayari kuongoza kikosi cha kimataifa na kutoa polisi 1,000 alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje Alfred Mutua, yule msemaji wa 2011. Baraza la Usalama likaidhinisha tarehe 2 Oktoba kwa azimio namba 2699. Mara hii kulikuwa na upinzani, na haukuwa bungeni, ulikuwa mahakamani. Ekuru Aukot, ambaye alikuwa mkurugenzi wa sekretarieti ya Kamati ya Wataalamu walioiandaa Katiba ya 2010, alifungua kesi. Tarehe 26 Januari 2024 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kwamba Baraza la Usalama wa Taifa halina mamlaka ya kupeleka polisi nje kwa Kifungu cha 240: vikosi vinavyotajwa pale ni jeshi. Polisi wana sheria yao, na hiyo inadai kuwe na makubaliano ya kusaidiana na nchi wanakopelekwa.

Bunge lilikuwa limeshaidhinisha mwezi Novemba. Haikusaidia kitu.

Serikali ikatafuta karatasi iliyokosekana. Tarehe 1 Machi 2024 Waziri Mkuu wa Haiti, Ariel Henry, alikuja Nairobi kushuhudia makubaliano yakitiwa saini, na akiwa safarini magenge ya Port-au-Prince yakaufunga mji. Hakuweza kurudi nyumbani, akatangaza kujiuzulu kabla mwezi haujafika katikati. Polisi wa kwanza, kiasi cha 400, walitua Port-au-Prince tarehe 25 Juni 2024. Siku hiyo hiyo vijana walikuwa wameingia majengo ya Bunge jijini Nairobi kupinga Mswada wa Fedha, na Waziri wa Ulinzi Aden Duale akachapisha katika gazeti rasmi la serikali amri ya kuwatoa wanajeshi kuwasaidia polisi wa nyumbani. Idhini ya Bunge la Taifa, ambayo Kifungu cha 241 kinaidai, ilipatikana kesho yake.

Tazama lakini mahakama ilihoji nini. Ilihoji ni chombo gani kina mamlaka, na ni hati gani haipo. Haikuuliza kwa nini polisi wa Kenya wawe Haiti, na wala haikuwa kazi yake kuuliza. Hilo lilikuwa la wabunge, na wabunge walikuwa wamelimaliza kwa kikao kimoja.

Kwa Somalia hakuna hata kesi ya kufungua, kwa sababu makaratasi sasa yako sawasawa. AMISOM ikawa ATMIS Aprili 2022, na ATMIS, iliyopaswa kufungasha mwisho wa 2024, ikarithiwa na AUSSOM. Wakenya wamo katika zote. Idhini ya Desemba 2011 haikuwa na tarehe ya mwisho.

Ujerumani ililitatua jambo hili kwa namna ambayo wabunge wetu wangeweza kuitazama. Mahakama ya katiba ya nchi hiyo iliamua Julai 1994 kwamba askari hawatumwi vitani nje bila idhini ya bunge iliyotangulia, na desturi iliyofuata ni kuipa idhini hiyo muda, kwa kawaida mwaka mmoja. Haikuwazuia kukaa Afghanistan karibu miaka 20. Kila mwaka kura ilipita. Sidanganyiki kwamba Nairobi ingekuwa tofauti, kwa jinsi wabunge wanavyofuata kiranja wa chama. Lakini kila mwaka waziri wa Ujerumani alilazimika kusimama na kutaja idadi ya askari, gharama na sababu, na mbunge wa kila jimbo akaandikwa jina lake upande wa ndiyo au wa hapana.

Katiba ya Kenya tayari inalitaka Baraza la Usalama wa Taifa lipeleke ripoti bungeni kila mwaka kuhusu hali ya usalama wa nchi. Ripoti hiyo ingeweza kubeba hoja moja ya ziada: orodha ya kila kikosi kilicho nje, tarehe ya idhini yake kuisha, na kura. Kifungu cha 240 hakihitaji kuguswa hata neno moja kwa hilo. Ni kanuni za kudumu za Bunge tu, ambazo wabunge wenyewe huzirekebisha wakitaka.